Injini ya Dizeli kwenye Nyasi za Ukumbi

Jumatatu, 15 Mei 1995

Mama Asenath, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi hapa Kaloleni, amesema leo saa nne asubuhi kwamba nyasi zisipokatwa kufikia Ijumaa jioni, ufunguo wa stoo utatoka kwangu na kwenda kwa Mbuthia. Jumamosi binti yake Vivian anaolewa. Wageni mia mbili watakaa nje. Nyasi zinafika gotini. Nimepima.

Mbuthia ni muuza makaa wa pale langoni. Ana wanaume wanne na slasha nne. Slasha! Uwanja uliofyekwa kwa slasha hufanana na kichwa kilichonyolewa na kinyozi mwenye kwikwi.

Mimi nina mashine ya kukata nyasi, ile ya kutembea nayo nyuma, yenye rola nzito na visu vinavyozunguka mbele yake. Injini yake ya petroli ilipasuka Januari. Tangu nipunguzwe kazi kwenye karakana ya reli, miaka miwili sasa, ufunguo wa stoo hiyo ndio unaonipa mahali pa kwenda asubuhi. Sitaliandika tena jambo hilo.

Mpango: injini ndogo ya dizeli iliyokuwa ikivuta maji kwa jirani yangu Gachanja. Dizeli haina plagi. Kisicho na plagi hakisumbuliwi na plagi.

Jumanne, 16 Mei

Nimempa Gachanja baiskeli yangu, amenipa injini. Nabalayo, mke wangu, ameuliza baiskeli ilikuwa na kasoro gani. Nikasema haikuwa na kasoro. Akauliza, na injini? Nikasema hilo ni swali tofauti.

Imeletwa kwa mkokoteni. Tumeipima kwenye mizani ya makaa: kilo sitini na mbili. Ile ya zamani ilikuwa kilo kumi na nne. Mbuthia akapaza sauti mbele ya wateja: "Fundi, unafungua posho mill? Nikuletee mahindi?" Nikamwambia mahindi apeleke kwake, nyasi aniachie. Watu wakacheka. Haikubainika walikuwa wakimcheka nani. Naandika kwamba ni yeye.

Jumatano, 17 Mei

Siku nzima kwa Mulama, mchomeleaji wa kando ya barabara. Amenitengenezea kitanda cha injini kwa vyuma vya pembe. Nimetoboa matundu manne mwenyewe, nimefunga puli, nimevuta mkanda. Kazi safi. Mulama aliinua miwani yake ya kuchomelea akauliza injini inazunguka kuelekea upande gani. Nikamwambia nimeshughulika na injini miaka ishirini na sita.

Ni kweli. Najua pia kwamba hakuuliza hilo.

Alhamisi, 18 Mei

Imewaka! Mzunguko wa nane wa hendeli. Moshi mweusi, ngurumo, vioo vya ukumbi vikatetemeka. Shuka tatu za Mama Shirleen, jirani wa ukumbi, zilizokuwa kwenye kamba zimebadilika rangi. Amesema atazungumza na mke wangu. Wamekwisha zungumza.

Saa tano na nusu niliachilia klachi. Mashine ikarudi nyuma. Nyuma ndipo nilipokuwa nimesimama. Nilirudi hatua kumi na moja, za mwisho zikiwa za haraka, hadi ukuta uliponizuia. Nilifunga mafuta rola ikiwa imeshagusa kiatu.

Mulama alikuja akatazama. Akasema, "Mzee, injini inazunguka kinyume. Ifungue, igeuze upande mwingine, toboa matundu manne mapya. Saa moja tu, imeisha."

Matundu manne mapya! Hajafanya kazi reli, huyu. Garimoshi likifika mwisho wa njia halipinduliwi. Dereva ndiye anayehama: anashuka, anatembea hadi upande wa pili, safari inaendelea. Nimefungua mpini nikauhamishia upande wa pili. Dakika ishirini. Sasa mashine ikirudi nyuma, inakwenda mbele.

Mulama aliinama akatazama mbele ya rola. Kisha akauliza, na visu je? Nikamwambia visu vitafuata.

Ijumaa, 19 Mei

Uwanja umekwisha! Saa mbili hadi saa tano, bila kusimama. Rola ikitangulia, visu vikifuata, mimi nyuma yao. Mashine ni nzito kuigeuza pembeni, lakini inanyooka kama rula. Nyasi zimelala sare, zinang'aa, kama shati lililopigwa pasi.

Mama Asenath alikuja saa sita. Alisimama ukingoni na kanga yake. Akasema, "Mzee Kweyu, nilikukosea. Ufunguo kaa nao." Mbele ya wanakamati wawili. Nilisema asante. Ilinibidi niangalie injini kwa muda, kana kwamba kuna nati iliyolegea.

Mbuthia naye alikuja. Alizunguka uwanja mara moja, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Akauliza kikapu cha nyasi mbona kitupu, nyasi zilizokatwa ziko wapi. Nikamwambia dizeli ina nguvu, inazisaga zikawa vumbi. Alinitazama. Akasema basi wanaume wake atawapeleka mtaa wa Fedha, kuna kiwanja huko, watarudi Jumapili.

Nimelifikiria swali lake nikila. Ni swali la wivu.

Jumamosi, 20 Mei

Mvua ilinyesha usiku. Kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi nyasi zilikuwa zimesimama. Zote. Hadi gotini. Hakuna hata jani moja lililokatwa. Visu vilikuwa vinazunguka kinyume, vikizichana tu kama kitana. Na mahali kingo mbili za rola zilipopita, udongo mweusi ulikuwa umedidimia kuwa mifereji, na maji yamesimama humo.

Mama Asenath alikuja na rola za nywele kichwani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliuliza Mbuthia yuko wapi.

Mbuthia alikuja na slasha mbili. Wanaume wake wako Fedha, kwa hiyo alivua koti akaanza kona ya mashariki peke yake. Slasha ya pili aliitupa miguuni pangu. "Hii haina gia ya nyuma, Fundi." Nabalayo akaja na panga la jikoni. Mama Shirleen akaja, akafyeka huku akiimba jambo kuhusu shuka. Hadi saa nane, wageni wakishuka langoni, tulikuwa tumemaliza robo tatu. Robo iliyobaki tuliifunika kwa mikeka.

Mzee Wabwire, babu wa bwana harusi, alisimama juu ya kiti atoe baraka. Mguu mmoja wa kiti ukazama mferejini. Alibariki ndoa yote akiwa ameinama kushoto, na hakuruka neno.

Saa kumi na moja, baada ya keki, Mama Asenath alinyoosha mkono. Kamba ya ufunguo ilikuwa imekaza kwenye mkanda wangu wa suruali. Ilichukua muda kuifungua. Mbuthia aliupokea kutoka kwake akautia mfukoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mashine haijui, na asubuhi atakuwa akifungua stoo saa moja.

Nilisaidia kubeba viti.

Jumatatu, 22 Mei

Nimefika stoo saa moja na dakika tano. Mbuthia alikuwa amefungua na kuondoka kwenda kwenye makaa yake. Nimekaa na mashine hadi saa nne nikitafuta kosa.

Mulama alipita. "Mzee, geuza injini tu. Matundu manne." Nimesikia. Ila huo ni mtazamo wa mchomeleaji. Kosa halikuwa upande wa kuzunguka. Kosa ni udongo. Kilo sitini na mbili zinazama, mashine inayumba, visu havigusi nyasi inavyopasa.

Nimetembea kwenye mifereji kuipima. Inakwenda miwili miwili, sentimita sabini kati yake, mita arobaini bila kupinda. Katika maisha yangu sijaona kazi iliyonyooka namna hiyo na haina reli juu yake.

Yonis, muuza vyuma chakavu, anasema ana vipande vya reli nyembamba, vya vitoroli vya machimbo ya mawe. Mita themanini zinatosha kwa njia ya kwanza ya mashine. Badala yake anataka redio yetu; Nabalayo bado hajaulizwa. Tumeagana na Yonis: Jumanne, tarehe 30 Mei, saa tatu asubuhi, tukapime.