Saa Saba Kutoka Istanbul

Malindi, Lushoto

Mheshimiwa Mhariri wa Ukurasa wa Safari,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mkulima wa kabichi na viazi, na msomaji wenu mwaminifu, ingawa gazeti hunifikia likiwa limefungia sukari. Nalalamika kwa adabu kuhusu habari yenu iliyosema, "Istanbul hadi Dar es Salaam kwa ndege ni saa saba." Binti yangu Salama anasomea uuguzi huko Istanbul. Alikuwa anakuja likizo kwa mara ya kwanza tangu aondoke, na alisema atapanda ndege Jumamosi.

1. Hapa kwetu saa saba ni baada ya adhuhuri, chakula kikiwa tayari. Kama mlikusudia urefu wa safari, si wakati wa kufika, mngesema. Mimi nilialika kijiji kizima Jumamosi saa saba, nikakodi turubai na viti, nikachinja beberu.

2. Hamkutaja kwamba ndege haifiki Malindi hii yetu ya Lushoto. Nakiri nimewahi kwenda Dar kwa basi na njia naijua, lakini kitu kikishaandikwa gazetini mimi huacha kufikiri. Saa saba ilipotimia, ndege ikapita juu yetu. Nikapanda juu ya kiti, nikatangaza kwamba Salama ndiye huyo, na wageni wakapunga mikono. Jirani yangu Sefania, ambaye ni mzee wa kanisa na hacheki ovyo, akaniuliza polepole, "Sasa, Mbaraka, anashukaje?" Nikasema tule kwanza.

3. Tukamla beberu mzima.

4. Salama alitua Dar Jumapili alfajiri, akapanda basi hadi Mombo, mvua ikamkwamisha Soni, akafika Jumatatu. Turubai lilikuwa bado limesimama. Alipoliona kutoka barabarani, na viti vile, akajua kuna msiba. Akaangusha begi, akakimbia huku analia, "Mama, mama yangu." Mke wangu Zainabu akatoka jikoni, na bila kujua kinacholiliwa, akalia pia. Wakakumbatiana matopeni mpaka majirani wakaanza kuleta kuni za matanga. Mgeni wetu akala ugali na kabichi.

Kwa hiyo naomba kila safari ipimwe mpaka mlangoni kwa mtu. Pia Malindi iingizwe kwenye orodha ya miji, Istanbul ikitangulia kwa sababu ya umri. Hilo likiwa gumu, basi umbali wenyewe upunguzwe.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na rubani yule tuliyempungia mikono.

Nangoja marekebisho kwa utulivu,

Mbaraka Shekiondo

N.B. Kabla sijaipeleka barua hii posta, Salama ameondoka leo alfajiri kurudi masomoni. Zainabu amekaa mlangoni tangu gari liondoke, chakula hataki, ananiuliza tu mwanetu atafika lini. Nimechukua gazeti lenu nikamsomea: saa saba. Ameangalia jua, akainuka kwenda kuwasha moto. Tafadhali msirekebishe hata neno moja.