Doa la Nesi Kwenye Gauni la Maua

Binti yangu amekuwa nesi! Nesi kamili, mwenye cheti. Mtihani wa mwisho ameshika namba mbili, na huyo wa kwanza nasikia baba yake ni daktari, kwa hiyo pima mwenyewe nani wa kwanza hapo.

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Usafi wa Nyumbani, hujambo? Mimi mzima, ila gauni langu si zima, na mkosaji ni gazeti lako.

Kabla ya mtihani binti yangu alihitaji mkono wa kujifunzia kutoa damu. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini mishipa ninayo. Alichoma mara moja tu, damu ikaja kwa adabu. Akaniambia, "Mama, bonyeza hiyo pamba dakika tano, usiitoe." Mara jirani akapita dirishani. Ningemwonyeshaje kazi ya mwanangu bila kuitoa? Damu ikachuruzika mpaka kwenye gauni langu la pamba la maua mekundu, nililoshonesha mapema kwa ajili ya sherehe yake ya kuhitimu, siku hiyo nikilijaribu. Ndipo nikaukimbilia ukurasa wako unaofundisha kuondoa doa la damu, nikaufuata neno kwa neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliandika "chumvi kidogo". Kidogo cha nani? Nilimwaga pakiti nzima. Gauni limekolea, limebaki kukamuliwa ndimu.

2. Hukusema lolote kuhusu nguo yenye maua. Doa jekundu, ua jekundu, na miwani yangu iko juu ya kabati. Nikasugua asubuhi nzima. Ua likatoka lote. Doa likabaki.

3. Kwa sababu yako wifi yangu, ambaye hakunipongeza hata nilipojifungua mapacha, alilitazama gauni akasema, "Wifi, kuku ulimchinjia mapajani?" Mbele ya binti yangu!

4. Kwa hiyo nadai uje mwenyewe kwenye sherehe, usimame ubavuni kwangu, upande wa doa, tangu wageni waingie mpaka watoke. Wakipiga picha, usisogee.

5. Ukishindwa, chapisha picha ya binti yangu ukurasa wa mbele, akiwa na sare, na chini yake uandike kwamba doa lile ni la kitaalamu, si la kuku.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, na mama yako mzazi, ambaye naamini naye alikusomesha kwa jasho.

Wako mwenye gauni,
Mama Nesi

Baada ya sahihi: Binti ameisoma barua hii pamoja na ukurasa wako, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema umeandika "maji baridi" mara tatu, moja kwa herufi kubwa. Mimi nilichemsha. Miaka thelathini uchafu wote wa nyumba hii nimeutoa kwa maji ya moto, nikadhani umekosea, nikakusahihisha kimyakimya. Kumbe damu ikipata moto hushika uzi kama yai linavyoshika sufuria. Amesema atanishonea ua jingine juu ya doa. Nimekataa. Damu ni yangu, kazi ni yake. Nitalivaa hivyohivyo, na atakayeuliza nitamwonyesha na mkono. Ile habari ya kusimama ubavuni kwangu iache, utaniziba doa. Ila kuja, njoo, na wote wa ofisini: Jumamosi hii, saa nane mchana.