Jedwali kwa Mahadhi ya Chuoni

Jumatatu, 5 Machi 1951
Mkaguzi wa shule anakuja mwezi huu. Cheo cha mwalimu mkuu hapa Kerege kiko wazi. Ama mimi, ama Bwanausi wa darasa la tatu, yule mwenye kutabasamu bila sababu. Atakayekikosa atapelekwa Miono, mbali na hapa. Nimeingiwa na baridi. Watoto wangu wa darasa la nne hawaijui saba mara nane. Asubuhi wanayo, adhuhuri imeyeyuka.

Jumatano, 7 Machi
Nimeokoka! Nimesoma katika jarida la elimu utafiti wa wataalamu wa kumbukumbu. Jambo likirudiwa kwa mahadhi, halitoki. Kumbe ndiyo maana watoto hawa hawa, jioni chuoni kwa Maalim Mwinyimvua, wanaghani juzuu nzima ya Kurani huku wakiyumba. Nitamwibia Maalim mtindo wake. Bwanausi kanishauri nisome na ukurasa wa pili, eti unasema watoto waulizwe kwa kuchanganya, leo hili, kesho lile. Husuda tu.

Ijumaa, 16 Machi
Jedwali lote la kuzidisha linaghaniwa, toka mbili mara moja hadi mwisho. Wanayumba, macho wamefumba. Maalim kapita dirishani, kasikiliza, kaniuliza kama wanafahamu. Nikamjibu kwa adabu kwamba wamehifadhi. Akaguna. Nimempelekea fundi cherehani kitambaa anishonee koti la ualimu mkuu.

Jumatano, 21 Machi
Bora ardhi ipasuke. Mkaguzi alimwuliza Somoe, hodari wangu, saba mara nane. Akafumba macho, akaanza Bismillahi, mbili mara moja. Darasa zima likamfuata. Mkaguzi akasema basi, anataka saba mara nane tu. Lakini chuoni ukikatizwa unaanza upya. Wakaanza upya! Akawakatiza tena, wakaanza tena. Nikampungia Somoe mkono anyamaze, akadhani nahimiza, akaongeza kasi. Mkaguzi akaenda zake kwa Bwanausi. Nimelia nyuma ya shule.

Jumamosi, 24 Machi
Miono. Tena darasa la kwanza. Mke wangu Mwanahija anafunga sufuria na hasemi nami, maana ndugu zake wote wako hapa. Sijala tangu jana. Sina hamu ya kuishi wala ya kunyoa ndevu. Ila kosa nimeliona. Saba mara nane iko mbali mno na mwanzo. Miono wataghani toka kumi na mbili mara kumi na mbili, wakirudi nyuma, magumu yote yatangulie. Na mkaguzi gani mwenye akili atamwuliza mtoto wa darasa la kwanza mbili mara mbili?