Mahindi Kumi Juu ya Spika

Jumapili, 6 Agosti 2006

Siku ishirini na mbili tangu harusi! Nimeandika "Bi. Walubengo" mara kumi na moja kwenye jalada la daftari hili. Bado linapendeza.

Nyumba yetu hapa Kitale ni tamu, ila ni ya kushirikiana. Chumba kimoja chetu, kimoja cha Chepkemei, fundi wa nguo. Sebule na jiko ni vya wote. Kati ya chumba chetu na chake kuna ukuta wa mbao ambao haufiki kwenye paa. Labda mjenzi alichoka.

Leo asubuhi, mbele ya muuza maziwa, Chepkemei akaniita: "Sukari guru, sufuria yako inafurika."

Sukari guru! Hilo ni jina ninalomwita Walu wangu kwa kunong'ona, taa ikiwa imezimwa! Na redio yake hupiga kelele tangu alfajiri mpaka tulale. Anatusikiaje? Ana masikio ya sungura.

Nimeamua. Tutanunua sistimu ya muziki yenye sauti kubwa na bei ndogo. Tutaiwasha, nasi tunong'one chini yake kwa raha zetu.

Jumatatu, 7 Agosti

Habari kubwa! Baba mkwe, Mzee Mukhisa, anakuja kutoka Naitiri Jumamosi. Mara ya kwanza! Walu anasema mzee anataka kuona kama tunaishi kwa heshima. Akiridhika, atatuonyesha mahali pa kujenga, ubavuni pa boma lake. Nyumba yetu wenyewe! Kuta zinazofika kwenye paa!

Kisha Walu akanieleza masharti. Mimi na mzee hatukai chumba kimoja. Hatushikani mikono. Na maneno ya chumbani asiyasikie kamwe, hata kwa bahati mbaya. Kwetu sisi baba mkwe hupewa mkono na kikombe cha chai. Kwao Wabukusu heshima ni umbali. Sawa. Kwa ajili ya Walu ningeheshimu hata kutoka Lodwar, kule jangwani mbali.

Lakini je, Chepkemei akisema "sukari guru" mbele ya mzee? Kiwanja kimekwenda! Sistimu lazima ifike kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 8 Agosti

Madukani mchana kutwa. Kila boksi limeandikwa wati elfu tatu, elfu nne. Nikamuuliza Kiptanui, fundi wa redio. Akacheka mpaka akaweka chini chuma chake cha kuchomea. Ati hizo ni wati za karatasi, na mimi ninunue kwa masikio.

Masikio yangu hayana vipimo. Lakini nina mume karani wa ghala la mahindi! Mifuko ya mashati yake haikosi punje. Tulipokuwa tunachumbiana aliandika jina langu kwa mahindi juu ya meza ya mizani. Herufi N peke yake ilikula punje kumi na tisa. Nililia.

Basi nimevumbua kipimo. Weka punje kumi juu ya spika, ongeza sauti, hesabu zinazoanguka. Duka la kwanza: mbili. Duka la pili: hakuna, ila moja ilijigeuza kama mtu aliyelala. Duka la tatu: tisa! Bei yake ni ya ng'ombe wa maziwa. Nikabaki nimesimama. Mwenye duka akaniuliza kama nimekuja kununua au kupanda.

Sikati tamaa. Walu anasema Bungoma bei ni nafuu.

Alhamisi, 10 Agosti

Bungoma! Nimeipata!

Muuzaji alikuwa mchangamfu. "Watsi erufu tano, mama! Ikiria hii hapa, hata mji wa Webuye wanafunga madirisha." Nikapanga punje zangu. Zote kumi ziliruka. Moja ikatumbukia kwenye chai yake. Nikalipa papo hapo, asije akabadili mawazo. Jina la kwenye boksi linafanana na la kampuni kubwa, ila lina herufi moja zaidi. Zaidi ni bora! Na juu ya hayo nikapewa zawadi: maiki yenye waya mrefu na mwangwi kama wa kanisani.

Kuiwasha tu nyumbani, stima ikazimika nyumba nzima. Chepkemei alikuwa anapiga pasi sare za shule. Kiptanui akaja, akatoa amri: pasi na sistimu visiwashwe pamoja. Chepkemei akauliza nani alifika kwanza, yeye au spika. Nikajifanya sikusikia.

Jioni tukaketi sebuleni, mkono kwa mkono. Sauti hadi mwisho. Nikamnong'oneza Walu. Akasema nini? Nikarudia kwa nguvu kidogo. Nini? Nikavuta pumzi, nikapaza sauti: "NAKUPENDA, SUKARI GURU!"

Wimbo ukaisha papo hapo.

 Kisha kutoka ng'ambo ya mbao: "Amesikia, mama. Hata mimi."

Ijumaa, 11 Agosti

Nimemeza kiburi. Nimemwomba Chepkemei kesho ajizuie. Akaniambia, huku akipitisha uzi kwenye sindano, kwamba yeye hana shida na mtu. Ati redio yake huifungulia kwa ajili ya kutotusikia. "Nyinyi mkianza, mimi naongeza. Si ndiyo adabu hiyo, bana?"

Mwongo! Nilimshukuru tu.

Halafu, nikipepeta mchele, wazo likanijia. Maiki! Siwezi kukaa na baba mkwe, lakini nani alisema siwezi kumsalimia kutoka jikoni kwa spika? Umbali upo, salamu ipo! Walu akakuna kichwa. Akasema huko Naitiri watu husikia maiki matangani tu. Nikamwambia basi mzee ataona tofauti.

Jumamosi, 12 Agosti

Niandike haraka.

Mzee Mukhisa alifika saa sita, kofia mkononi. Akakalishwa sebuleni. Nami jikoni, nyuma ya mlango, maiki mkononi, waya umepita chini. Nikasema, "Karibu, baba. Mimi ni Nyambu. Nakuheshimu kutoka jikoni." Koni, koni, koni, ukaitikia mwangwi.

 Kisha nikamsikia mzee akimuuliza Walu kama mtu akiijibu hiyo spika, mwenye sauti husikia. Walu akasema ndiyo. Mzee akaisogelea spika ya kushoto, akaisalimia kwa Kibukusu. "Mulembe, mama."

Tukaongea! Mvua ya Naitiri, mahindi yake, afya ya wazazi wangu. Maneno yote aliyaelekeza kwenye spika ya kushoto. Ile ya kulia hakuitazama hata mara moja. Akamwambia Walu kwamba hajapata kuona heshima ya namna hii, mke wa mwana anasikika na haonekani. Akasema chakula kikiisha watazungumza habari ya kiwanja. Ushindi!

Nikapakua. Ugali, kuku, na firigisi juu kabisa, kama inavyompasa mzee. Walu akapeleka. Kisha akarudi jikoni kuchukua maji. Akasimama mlangoni na jagi, shati jeupe, tabasamu lile. Maiki nilikuwa nimeilaza kando ya unga. Nimeilaza, sikuizima.

Nikasema, "Sukari guru, njoo nikupe busu kabla mzee hajamaliza. Anavyotafuna polepole, tuna nusu saa."

Saa, saa, saa.

Kwanza nilifikiri: mwangwi mzuri ulioje. Kisha nikakumbuka kwamba jiko letu halina mwangwi.

Wakati huohuo Chepkemei, chumbani mwake, akafungulia redio yake mpaka mwisho. Wakati kama ule! Hana adabu kabisa.

Mzee aliinuka. Akavaa kofia. Akaiinamia spika ya kushoto: "Kwaheri, mama." Akatoka.

Firigisi imebaki kwenye sahani. Nzima! Walu anasema baba yake hajaacha firigisi tangu Uhuru. Nimelia kwenye aproni. Kiwanja chetu! Kuta zetu!

Jumapili, 13 Agosti

Walu alikwenda Naitiri alfajiri kuomba radhi. Amerudi jioni, viatu vimejaa tope, anacheka na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Mpenzi wangu!

Kiwanja tumepewa! Lakini si ubavuni pa boma. Ni ng'ambo ya mto, nyuma ya mikaratusi, baada ya mashamba mawili ya watu wengine. Mzee alipima mwenyewe. Alimweka ndugu yake bomani apige kelele, naye akawa anatembea na kutembea. Pale aliposhindwa kumsikia, ndipo alipochomeka kigingi.

Walu anasema funzo ni kwamba tujifunze kuongea taratibu. Nimekubaliana naye kabisa. Chepkemei ametupikia chai, akasema tukihama atatukosa. Redio yake ilikuwa imezimwa. Ajabu.

Lakini nimelala chali nikawaza. Ikiwa hata ndugu yake hasikiki, mimi nitamsalimiaje mzee kila asubuhi? Ataniona mkwe mwenye dharau! Heshima ni umbali, sawa, ila salamu lazima ifike. Na hizi wati zetu elfu tano hazivuki mto.

Huko hakuna stima. Betri za gari zipo. Na yule muuzaji wa Bungoma alikuwa na spika mbili ndefu kama mlango. Kesho naondoka mapema. Safari hii ninabeba punje ishirini.

Na ninanunua maiki ya pili, ili Walu wangu awe ananijibu.