Kompyuta Isiyoitikia Hodi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mama Tereza, meneja wa ushirika wetu hapa Mpanda, katutangazia habari mbaya. Karani wa ofisi moja mkoa jirani kafukuzwa kazi. Wezi wa mtandaoni waliingia kwenye kompyuta yake wakafuta kila kitu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na nafasi ya kudumu iko moja tu.

Nimefungua programu ya ulinzi, ile inayoandika kila anayejaribu kuingia kwenye kompyuta yangu. Majaribio tisa kutoka nje! Nimezuia yote. Programu ikauliza: anayezuiwa ajibiwe kwamba amekataliwa, au asijibiwe kitu? Nimechagua kimya. Mwizi akiambiwa hapana, anajua ndani kuna mtu.

Uwesu, karani mwenzangu, naye anaitaka nafasi ya kudumu. Kaniuliza ni mwizi gani anayehangaika na majina ya wakulima wa mahindi.

Jumanne, 7 Oktoba

Majaribio kumi na manne, na namba za anwani za kompyuta zao zinabadilikabadilika. Ni genge.

Nyumbani kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anaondoka. Kompyuta nimeipa kanuni hiyohiyo: atakayejaribu mara tatu afungiwe moja kwa moja. Mtu mwema angekuwa ameshaenda zake. Namba zote naziandika. Ijumaa kwenye kikao nitamkabidhi Mama Tereza. Uwesu atajuta.

Jumatano, 8 Oktoba

Médiatrice, karani wa tawi letu la Kabungu, kapiga simu. Anatuma orodha yake ya mbolea ya ruzuku kwenye kompyuta yangu tangu juzi. Wakulima mia mbili na kumi na wawili. Mwisho wa kuingiza majina kwenye mfumo wa mbolea ni Ijumaa saa sita mchana. Jina lisilofika, mwenye jina anapanda bila mbolea. Anasema kompyuta yake inazunguka tu, haisemi imekubaliwa wala imekataliwa.

Nikamwambia mtandao wa Kabungu ni mbovu, avumilie. Akaomba aje na bodaboda alete orodha kwenye flashi. Nikakataa kabisa. Flashi zina virusi. Baba yangu, mzee Jean Bosco, naye yumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo nilimsihi Médiatrice ajaribu kwa bidii.

Alhamisi, 9 Oktoba

Majaribio thelathini na moja! Mmoja ni sugu, anarudi kila baada ya dakika kumi.

Mama Tereza kaulizia orodha ya Kabungu. Nimemwambia Médiatrice ni mzembe. Uwesu kanitazama nilivyokodolea skrini, kasema hata malaika akija nitamdai kitambulisho. Ofisi nzima ikacheka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kikao kilianza saa sita na nusu. Nilikabidhi karatasi yangu. Mama Tereza akanisifu kwa uangalifu. Dakika mbili hivi.

Uwesu akaichukua, akaisoma taratibu. Akaeleza kwamba Kabungu wanatumia modemu ya laini ya simu, na kila umeme wa sola ukikatika wanapewa namba mpya ya anwani.

“Kaka,” akasema, “mwizi wako ni Médiatrice.”

Hakuna aliyecheka. Mfumo wa mbolea ulikuwa umeshafungwa.

Mama Tereza alivua miwani. “Mwanangu, angejibiwa hapana mara moja tu, Jumatatu ileile angepanda pikipiki akailete orodha mwenyewe.”

Baba kapiga simu jioni kuuliza kama jina lake limepita. Nimemwambia mtandao ulisumbua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nafasi kapewa Uwesu. Mimi nimehamishiwa Kabungu kumalizia siku za mkataba na kuwaeleza wakulima mwenyewe. Médiatrice kanipa funguo bila salamu.

Mama Tereza amewaombea siku moja ya nyongeza. Wakikubaliwa, ataituma fomu kwenye kompyuta hii, na lazima irudishwe kabla ya saa nane. Watu wamekaa barazani tangu asubuhi. Baba yuko mstari wa mbele, kofia magotini.

Nimekuta kompyuta ya hapa iko wazi, inajibu kila mtu! Nimeiweka kimya kabla hata ya kuvuta kiti.

Saa nane imepita, fomu haikuja. Nimetoka kuwaambia tumekataliwa. Baba akavaa kofia, akaondoka na wenzake bila kuniaga.

Nimerudi kukagua programu. Majaribio kumi na moja, yote kwa namba ya ofisi yetu ya Mpanda. Wezi wamenifuata mpaka huku.