Kituo cha Basi Upande Wetu

Jumatatu, 4 Machi

Furaha! Kiwanda kipya cha mikate kule Harlan kimeniandika kazi, nianze Septemba kikifunguliwa. Gari letu lilikata roho Krismasi, lakini basi linakuja! Yaani litakuja kama miji mitatu, Harlan, Osgood na sisi wa Birkdale, itatia saini ombi moja. Baraza la mkoa halitoi pesa kwa mji unaokwenda peke yake. Mwisho ni Ijumaa.

Kasoro moja tu. Kituo kimepangwa ng'ambo ya barabara yetu, na barabara yetu ndiyo mpaka. Huku Birkdale, kule Osgood, mbele kabisa ya nyumba ya Bi. Verna Ostby! Mwanamke anayekwangua theluji mpaka katikati ya njia, halafu anaacha, tujue mji wake unaishia wapi. Mimi nimsukume mwanangu mchanga Tilda na kigari chake hadi kwa yule? Thubutu! Nina wazo.

Jumanne, 5 Machi

Nimechomeka bango uani: KITUO KIWE UPANDE WETU. Mume wangu Wendell akasema niache wakubwa watie saini kwanza. Wanaume hawaoni mbali.

Kabla ya chakula cha mchana Bi. Verna naye amechomeka lake. Kubwa mara mbili! Akanipungia mkono kwa tabasamu. Watu wa huku wakikuchukia, wanakupungia mkono.

Jioni, kikao cha halmashauri. Kila raia hupewa dakika tatu aseme lake. Nikampakata Tilda, nikaeleza theluji, magurudumu, haki. Tilda akapiga chafya mahali pazuri kabisa. Meya wetu Halvorson akafuta macho, akaapa kwamba hatii saini mpaka kituo kihamie kwetu. Ushindi!

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Meya wa Osgood amesema, kwa adabu sana, kwamba kama ni hivyo, na yeye hatii saini. Harlan wamesema poleni, peke yao hawawezi. Basi hakuna. Kazi hakuna. Mtoto wangu kapiga chafya bure.

Wendell hakusema, "Si nilikuambia?" Alinitengenezea kahawa. Hiyo iliuma zaidi.

Wazo jipya! Nimempelekea Bi. Verna bakuli la nyama na viazi vya kuoka. Huku bakuli la mtu halirudishwi tupu. Lazima aje. Akija, nimemnasa.

Alhamisi, 7 Machi

Kaja! Bakuli limejaa vipande vya keki ya shayiri na karameli. Nikamkaribisha kahawa, akakataa mara mbili, mara ya tatu akaketi, ndiyo adabu. Nikamwambia kituo achukue yeye, mimi nitavuka. Akasema la, nichukue mimi, nina mtoto. Nikasema yeye. Akasema mimi. Kituo kikawa kama kipande cha mwisho cha keki kwenye sinia, kile ambacho kila mtu anakimega nusu na hakuna anayekimaliza.

Mwisho akaniuliza, "Haya, asubuhi unapandia kwangu. Jioni ukirudi utashukia wapi, binti? Juu ya paa?"

Tukatazamana. Basi huenda na hurudi! Kituo huku, kituo kule! Halmashauri mbili nzima, na hakuna aliyelikumbuka hilo. Tulicheka mpaka Tilda akaamka.

Ijumaa, 8 Machi

Tumekwenda kwenye mkutano wa mameya kwa gari la Bi. Verna, tukawaeleza. Wakaona haya, wakakubali. Kisha kalamu ikaanza kuzunguka meza: tangulia wewe, la hasha, tangulia wewe. Muda unayoyoma! Jasho linanitoka! Bi. Verna akapaza sauti: "Tieni saini, wanangu, hii si keki!"

Wakatia, wote watatu. Nimelia kama mtoto. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumapili, 10 Machi

Mabango yameng'olewa. Bi. Verna amemfumia Tilda kofia ya sufu. Nampenda yule mama, kweli tena. Sigombani naye maisha.

Ila kanisani nimesikia kwamba pesa za kibanda cha kukinga theluji zinatosha kimoja tu. Kimoja! Na Tilda na chafya zake!

Nimegeuza bango langu. Nyuma ni jeupe kabisa. Nimenunua rangi nyekundu, kopo kubwa. Wendell nimemwambia ni ya chumba cha mtoto.