Minasi Ndiyo Inayotoa

Jumatano, 11 Juni 2025
Nimemshtua baba mkwe! Binti yake wa mwisho, Gentille, anaolewa Jumamosi, nami nimejitolea kuleta umeme wa muziki. Miaka yote hii mzee Isidore ananiita "ule muntu wa Suzanne" tu, kana kwamba sikumwoa binti yake. Muziki ukilia, nitaitwa mukwe mbele ya ukoo mzima. Kazi alikuwa nayo Vital, mwenye jenereta. Nimemwambia mzee kwamba jenereta itawanusisha maharusi moshi, bora betri yangu ya sola. Vital kaondolewa!

Alhamisi, 12 Juni
Ajabu! Mwalimu Néhémie, jirani yetu anayefundisha fizikia, kaniambia umeme huhesabiwa kutoka plasi kwenda minasi. Kumbe elektroni zenyewe, ndani ya waya, zinatoka minasi! Mdomo wazi. Watu wa kale walichagua mwelekeo kabla hazijajulikana, dunia ikazoea. Akaanza kusema kwamba hata hivyo... Sikungoja. Hata hivyo nini? Dunia nzima inafunga nyaya kinyume, na katika Bunia yote ninajua mimi tu!

Jumamosi, 14 Juni
Yesu! Waya mwekundu wa plasi wa konvertisa, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, nimeufunga kwenye minasi. Cheche! Pa! Moshi hadi kwenye keki. Bibi arusi mlangoni, mguu mmoja ndani, muziki hakuna. Shangazi mmoja aliyekuja kutoka kijijini Kpandroma akapaza wimbo, Gentille akaingia akicheza kwa makofi ya wanawake. Vital akaitwa, akacheka hadi nikaona magego. Mke wangu Suzanne hanitazami. Nimeumia, kweli. Baba mkwe kauliza mbele ya wote: "Ule muntu wa Suzanne iko wapi? Asiguse kitu tena!"

Jumapili, 15 Juni
Néhémie kaja kumalizia: plasi ya chombo hukaa kwenye plasi ya betri, elektroni zitoke zinakotoka. Nimemwelewa. Konvertisa ilizoeshwa vibaya kiwandani.

Nimekuja kwa baba mkwe kuomba msamaha. Sikuamini! Kanivutia kiti mezani, kasema, "Mukwe, ikala, tukule." Mukwe! Machozi yamenitoka. Kaenda kunawa. Redio yake mezani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, sauti safi kabisa. Haifai kupokea heshima bila kurudisha chochote. Nimefungua mgongo wa redio haraka, nimegeuza mawe yote, zile betri zake ndogo, minasi ikae palipokuwa na plasi. Imenyamaza. Inakusanya nguvu. Mzee anarudi, anapangusa mikono. Atashtuka!